Kisu kikishikwa, kicheko kizimwe

Mzazi, likizo ya Desemba inakuja na watoto watashinda mbele ya runinga. Mimi hupenda vichekesho vilivyotokana na filamu, hasa M*A*S*H cha Marekani. Filamu ilitoka mwaka 1970, kipindi kikaanza 1972 na kuendelea hadi 1983, ingawa Vita vya Korea vinavyosimuliwa humo vilidumu miaka 3 tu.

Ni madaktari wa hospitali ya jeshi, wanataniana kutwa. Kituo cha televisheni kilitaka vicheko vya kurekodiwa vipachikwe humo. Vikapachikwa, lakini si kwenye chumba cha upasuaji. Kisu kikishikwa, kicheko kinazimwa.

Nililikumbuka hilo Desemba iliyopita nikiwa kwa ndugu zangu Tarime. Mgeni alimtania binti aliyemaliza darasa la saba: "Wewe bado ni msagane?" Yaani, hujakeketwa? Sebule nzima ikacheka. Binti akainamisha kichwa.

Utani kama huo humsukuma mtoto kwa ngariba. Huko kuna kuvuja damu, maambukizi, na baadaye shida wakati wa kujifungua. Mzazi au mlezi anayemkeketesha binti wa chini ya miaka 18 anakabiliwa na kifungo cha miaka 5 hadi 15.

Wakitania hivyo nyumbani kwako, usicheke. Mwambie binti yako, wageni wakisikia, kwamba amekamilika alivyo. Ukiona hatari, piga 116 bure. Nyumba salama zipo Masanga, Tarime, na Mugumu, Serengeti.