Kuhesabu miche pekee hakutoshi. Walimu na wanafunzi wajiunge na wanaoijua kazi

Kila msimu wa mvua unapoanza, shule zetu nyingi hugeuka viwanja vya sherehe. Mgeni wa heshima huwasili, kwaya huimba, mashairi hughanwa, na miche mia kadhaa hutiwa ardhini huku kamera zikimulika. Muhula unaofuata, mwanafunzi mdadisi akipita mahali pale pale, aghalabu hukuta vijiti vilivyokauka na mbuzi akitafuna vilivyosalia. Hakuna anayeulizwa, maana hakuna aliyepewa jukumu la kufuatilia.

Sisemi haya kwa kuwabeza wanaopanda miti. Mnamo Desemba 2022 Serikali ilitangaza azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 ikatengwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi washike majembe. Nia ni njema. Hata hivyo, miezi michache baadaye, katika mvua za masika za 2024, mafuriko yaliwaua zaidi ya watu 200 nchini, na alfajiri ya Aprili 29 maji yakafagia makazi ya watu karibu na Mai Mahiu. Hakuna mche wa miezi mitano ambao ungeyazuia maji yale, na itakuwa ni kuwadanganya wasomaji kudai hivyo. Ninalouliza ni hili: je, tunajua tunapanda nini, wapi, na kwa kazi gani?

Swali hilo ndilo kiini cha taaluma iitwayo uhandisi wa ikolojia. Mwanaikolojia wa Marekani, Howard Odum, alianza kuitumia istilahi hiyo katika miaka ya 1960, na mwaka 1993 wataalamu wakaunda chama cha kimataifa cha taaluma hiyo. Mhandisi wa kawaida akitaka kuzuia mmomonyoko wa udongo huagiza saruji. Mhandisi wa ikolojia huuliza kwanza ni mimea ipi, wadudu gani na mikondo ipi ya maji inayoweza kuifanya kazi hiyo, tena iendelee kuifanya mwaka baada ya mwaka.

Asiyesadiki na azuru Bamburi, kaskazini mwa mji wa Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichoanza kazi huko mwaka 1954 kilichimba mawe ya matumbawe hadi yakabaki mashimo meupe yasiyoota hata nyasi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu aina 26 za miti. Nyingi zilikufa. Mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyosimama, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa nitrojeni kutoka hewani. Lakini hapo pakazuka tatizo jipya: majani ya mvinje yalianguka yakalundikana bila ya kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Dawa ikapatikana kwa jongoo. Waliletwa wakayala majani hayo, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo ambamo miti mingine iliweza kuota. Leo wanafunzi huzuru mahali hapo, panapoitwa Haller Park, wakaona msitu, samaki na wanyama.

Somo hapa ni kubwa. Mtu wa kuhesabu miti angeitazama mivinje ile, akapiga picha na kwenda zake. Aliyejua ikolojia ndiye aliyeona kwamba kazi haijakwisha. Wala Bamburi si kibali cha kuichimba ardhi ovyo kwa matumaini kwamba itaponyeka. Uponyaji ule ulichukua miongo.

Tazama pia Gazi, katika Kaunti ya Kwale. Mikoko iliyokatwa sana kwa ajili ya kuni za viwanda katika miaka ya 1970 ilianza kurudishwa katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa watafiti na wanakijiji. Ilibidi kwanza kujua kila mti na mahali pake: mlilana husimama mbele ukikabiliana na bahari, mkoko hufuata nyuma yake, na mkandaa hupendelea sehemu za juu zaidi. Ukivuruga mpangilio huo, umewapandia mawimbi. Tangu mwaka 2013 mradi wa jamii uitwao Mikoko Pamoja umekuwa ukihifadhi hekta 117 na kuuza haki za hewa ya kaboni, na mapato yake yamewaletea wenyeji maji na vitabu vya shule.

Yafaa tuone kwamba kazi hizi hazikufanywa na mtu mmoja. Hata Ukambani, ambako kuta hujengwa kukatiza mito ya msimu ili mchanga urundikane na maji yajifiche ndani yake mbali na jua, wajenzi wamekuwa vikundi vya mwethya. Kwa hiyo chama cha watu wanaounganisha nguvu na maarifa kuitengeneza ardhi si jambo geni kwetu.

Hii ndiyo sababu nawahimiza walimu na wanafunzi wajiunge na vyama vya wahandisi na wataalamu wa mazingira, au waviunganishe vilabu vya shule zao na vyama hivyo. Mwalimu wa biolojia anajua mizizi, wa jiografia anajua mteremko, na wa fizikia anajua nguvu za maji. Kila mmoja akibaki darasani mwake, mtaro wa shule utaendelea kuzaa korongo. Isitoshe, mwanafunzi hukaa shuleni miaka michache kisha akaondoka, ilhali mti huhitaji kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Chama hubaki.

Kuna jambo la tatu, nalo ni sauti. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kuhusu ripoti za athari za miradi kabla haijaidhinishwa. Ripoti hizo ni nene na lugha yake ni ngumu. Mtu mmoja huikunja akaiweka kando; chama chenye mhandisi, mwanasheria na mwalimu huisoma na kuijibu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na katika kifungu cha 36 haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Haki ya kwanza ni vigumu kuitetea pasipo kuitumia ya pili.

Najua kuna watakaoguna. Watasema vyama vingi ni vya kukusanya ada, kugawa fulana na kula posho za semina. Hawakosei wote. Kwa hivyo, kabla ya kulipa ada, mwanachama mtarajiwa na aulize: chama hiki kimetengeneza eneo gani, nani alirudi kulipima baada ya miaka mitatu, na wanafunzi wanapewa kazi gani zaidi ya kushangilia wageni? Chama kisichoweza kujibu hakistahili hata shilingi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walimu wanaweza kuanza muhula huu kwa daftari moja la klabu: aina ya mche, mahali ulipopandwa, sababu ya kuupanda, na hali yake kila mwisho wa muhula. Daftari hilo ndilo wapeleke kwa wataalamu, waketi nao, waulize kwa nini huu ulikufa na ule ukapona. Mvua zitarudi, na zitaukuta mteremko wa shule kama tulivyouacha.