Karai la Asubuhi Lisiwe la Bi Harusi Peke Yake



Mwari wa visiwani hufunzwa mengi. Somo humkalisha akamfunza udi, asumini na namna ya kumpokea mume. Jikoni hufunzwa kuumua unga wa mahamri, kupindua vitumbua, na kukaanga muhogo usinyonye mafuta. Mafunzo huishia hapo. Karai lenyewe, likishapoa na mafuta yakaganda pembeni, halina somo. Sisi tunaona wakati wake umefika.

Mabinti zetu hawaolewi Michenzani na Chake Chake tu. Waume hupata ajira bara, nao wakawafuata. Chukueni mfano wa Manda, wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe. Ukisikia Njombe utafikiri baridi na viazi, lakini Manda ipo chini kabisa, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, karibu na pale Mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Ni joto, mchanga na samaki, kama kwetu. Na asubuhi ni chai na kitu cha kukaanga: maandazi, chapati, muhogo, pengine na dagaa wa ziwani.

Tofauti ni maji. Nyumba isiyo na bomba hukosha vyombo vyake ziwani, na maji ya ziwa hilo hilo ndiyo ya kupikia, kuogea na kutilia udhu. Ruhuhu nao una mamba. Kwa hiyo karai lenye mafuta si jambo dogo. Kila safari ya kwenda majini ni mzigo, na pengine hatari. Tena Ziwa Nyasa lina njia moja tu ya kutokea maji, Mto Shire huko Malawi, kwa hiyo tunachokimwaga humo hukaa sana.

Basi tumfunze mwari hivi. Mafuta yakipoa, yachujwe na kuwekwa kwenye chombo chenye mfuniko. Yakishakuwa meusi na kutoa harufu, yasirudiwe kupikia. Kabla ya maji, karai lifutwe kwa gazeti au kwa majivu makavu. Majivu hunyonya mafuta, na yakikutana na maji ya moto hufanya kazi karibu na ya sabuni. Halafu ndiyo maji ya moto kidogo, sabuni na dodoki au kumbi la nazi. Lililogandiwa lichemshiwe maji na magadi, liachwe lilainike. Maji machafu yamwagwe shimoni, mbali na ziwa au kisima. Kwa njia hii ndoo moja hutosha, na dini yetu imetukataza israfu hata katika maji ya udhu.

Lakini neno letu kubwa ni la bwana harusi. Yeye hufunzwa nini? Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Hadithi hiyo ameipokea Bukhari. Na katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata visiwani, msimamo unaojulikana ni kuwa kazi za nyumbani si wajibu wa mke kisheria. Akizifanya ni ihsani yake, na ihsani hulipwa kwa ihsani.

Wapo watakaosema tunawapandisha wanawake vichwa. Hapana. Tunapenda kuwapikia waume zetu, na tutaendelea. Tunachokataa ni mwanamke kuamka alfajiri kukaanga, wote wakala wakashiba, kisha akabaki peke yake na moshi, mafuta na ndoo. Mume akichota maji, au akalifuta karai kabla hajatoka kwenda kazini, heshima yake haipungui hata chembe. Watoto nao wataiga wanayoyaona.

Kwa hiyo nyinyi mnaosubiri nikaha, pamoja na kuulizia mahari na nyumba, muulizeni pia kwa upole: maji tutayapata wapi, na karai tutakosha vipi? Majibu yake yatawaonesha mnaolewa na mtu wa namna gani.

Allah atujaalie ndoa zenye utulivu, mapenzi na huruma. Amin.