Miaka 60 ya Fania

Mwaka 1964, jijini New York, Johnny Pacheco na Jerry Masucci walianzisha kampuni ya santuri ambayo duka lake lilikuwa buti la gari. Pacheco, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, alikuwa mpiga filimbi na kiongozi wa bendi. Masucci alikuwa wakili mwenye asili ya Italia, aliyewahi kuwa askari polisi. Santuri yao ya kwanza, Cañonazo, waliitembeza wenyewe katika mitaa ya Walatino. Kampuni hiyo, Fania, iliyovumisha salsa, ilitimiza miaka 60 mwaka 2024, nasi tunaipa mkono wa pongezi.

Tuliweke wazi mapema: Fania haikuizaa salsa. Chimbuko la salsa ni son ya mashariki mwa Kuba, muziki unaoongozwa na vijiti viwili vya clave, mapigo matatu upande mmoja na mawili upande wa pili. Katika miaka ya 1940 Arsenio Rodríguez, kipofu aliyekuwa bingwa wa tres, gitaa la Kikuba lenye jozi tatu za nyuzi, aliinenepesha son hiyo kwa piano, tumba na tarumbeta zaidi. Akairefusha pia sehemu ya mwisho, pale mwimbaji anapotupa maneno na waitikiaji wakayadaka. Wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam wangeitambua mara moja: ni chemko. New York nayo ilikuwa na mambo, mtindo wa bendi kubwa za Machito, Tito Puente na Tito Rodríguez, uliojaza ukumbi wa Palladium usiku baada ya usiku.

Kisha siasa ikaingilia. Marekani ilivunja uhusiano na Kuba mwaka 1961, na vikwazo vya 1962 vikaziba njia ya santuri na wanamuziki kutoka Havana. Palladium ilifungwa 1966. Vijana wa Kipuerto Rico waliokulia New York, masikio yao yakiwa kwenye soul, wakazua boogaloo, mdundo wa Kikuba wenye makofi na maneno ya Kiingereza. Ulivuma miaka michache, ukapita. Hatuulilii sana.

Fania iliingia katika pengo hilo, na hapa ndipo lilipo jambo ambalo kwetu linastahili sherehe. Iliwakusanya watu ambao hawakukubaliana hata kidogo juu ya namna muziki huu unavyopaswa kupigwa, ikawarekodi wote. Pacheco alikuwa muumini wa Kuba ya zamani: aliweka kando fidla za bendi za charanga zilizompa jina, akarudi kwenye tarumbeta kwa mtindo wa Arsenio. Larry Harlow, Myahudi wa Brooklyn, naye alimfuata Arsenio, lakini kwa piano. Ray Barretto alizipiga tumba kwa mkono uliozoea jazi. Na Willie Colón, kijana wa Bronx ambaye hakuwa ametimiza miaka 18, alitoa El Malo mwaka 1967 akiwa na Héctor Lavoe, mwimbaji kutoka Ponce, Puerto Rico. Colón aliziacha tarumbeta, akachukua tromboni, njia ambayo Eddie Palmieri alikuwa ameifungua na bendi yake La Perfecta. Sauti ikawa nzito, ya kukwaruza, kama ugomvi wa kichochoroni. Baadaye watu waliiita salsa dura, salsa ngumu.

Agosti 1971 nyota hao wote walipanda jukwaa moja katika klabu ya Cheetah kwa jina la Fania All Stars. Agosti 1973 walipiga Yankee Stadium, na washabiki wakavamia uwanja hadi onyesho likakatika. Septemba 1974 walikuwa Kinshasa, katika tamasha lililotangulia pambano la Ali na Foreman, pamoja na mwimbaji Celia Cruz. Huko hawakuwa wageni kamili. Santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zilikuwa zimeingia Kongo tangu miaka ya 1930, zikailea rumba ambayo Franco na Tabu Ley waliipiga katika tamasha hilohilo. Huku kwetu Morogoro, Salum Abdallah aliiita bendi yake Cuban Marimba.

Kilele, kwa maoni yetu, ni Siembra ya mwaka 1978. Rubén Blades wa Panama na Colón walithubutu kusimulia kisa cha mhuni na kahaba katika wimbo wa zaidi ya dakika saba, Pedro Navaja, na watu wakacheza huku wakisikiliza.

Miaka ya 1980 ilileta salsa romántica ya kina Eddie Santiago na Frankie Ruiz: mapenzi ya chumbani, tromboni zimenyamazishwa, wapigaji wamerudi nyuma ya mwimbaji. Iliuza sana. Fania ilikuwa tayari imepungukiwa pumzi, na moto ukahamia kwingine. Huko Cali, Kolombia, wachezaji walizoea santuri za mizunguko 33 zikizungushwa kwa 45, miguu ikajifunza kasi isiyo ya kawaida. Grupo Niche wakaupa mji huo wimbo wake, Cali Pachanguero, mwaka 1984. Kuba yenyewe haikuwa imelala: Los Van Van walianza 1969, na mwishoni mwa miaka ya 1980 NG La Banda wakafungua enzi ya mtindo wa timba.

Deni moja halijafutika. Wanamuziki wa Fania walilalamikia mirabaha kwa miaka mingi. Na kwenye santuri nyingi, pale ambapo jina la mtunzi wa Kikuba lingeandikwa, ziliwekwa herufi mbili tu, D.R., yaani haki zimehifadhiwa. Tangu 2018 hazina ya rekodi za Fania iko mikononi mwa kampuni ya Concord, ambayo inazitoa upya santuri za zamani. Tunawaomba wafute herufi hizo mbili na kuandika majina ya watunzi, kisha waangalie warithi wa watunzi hao wanadai kiasi gani.