“Umeme Ulikatika, Dokta”: Tuache Kumcheka Dada wa Kihonda

Wadau wa mji kasoro bahari, hii stori imeshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa hiyo jina hatutaji. Dada mmoja wa mwaka wa mwisho, chuo kimoja hapa hapa Moro, kapoteza kazi ya projekti yake siku 2 kabla ya kuwasilisha. Kapanga Kihonda, anatumia kompyuta ya mezani isiyo na betri, na toka saa 12 jioni alikuwa anaandika programu bila kusevu. Saa 4 usiku, pap! Giza. Alipomweleza mhadhiri wake, akajibiwa kwamba kila mwaka umeme unakatika wiki hiyohiyo. Darasa zima likacheka.

Mimi sikucheka. Ndiyo, angesevu. Hilo hata yeye analijua, hahitaji watu 200 kumkumbusha. Ila tunamtupia lawama zote mtu mmoja, wakati chuo nacho kina fungu lake.

Tuanze na umeme. Mkoa huu ndio wenye Kidatu, megawati 204. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, liko Mto Rufiji, kule Morogoro inakopakana na Pwani, na mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Lakini kukaa jirani na bwawa hakukupi waya wako peke yako. Umeme wote unaingia gridi ya taifa, na mpaka ufike chumbani kwako umeshapita laini, transfoma na nguzo kibao. Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024, gridi ilipata hitilafu, nchi ikaingia gizani. Hapo sijataja radi za masika upande wa Uluguru, au mti ulioangukia waya mtaani kwenu. Mtu akikwambia Moro kwamba umeme ulikatika, si lazima awe anakupiga fiksi.

Ila ni kweli pia kwamba kuna wanaopiga fiksi. Mhadhiri keshasikia wimbo huo mara nyingi, na hana njia ya kumjua mkweli. Hapo ndipo shida yenyewe ilipo, na nitairudia.

Kwanza, kwa yeyote atakayekutwa na balaa hili kesho. Dada wa watu, umeme uliporudi, alizungukwa na washauri. Mmoja anasema piga window upya. Mwingine anasema shusha programu ya kurudisha mafaili. Acheni! Kila kitu kipya unachoweka kwenye diski kinaweza kukalia palepale ulipokuwa mzigo wako wa zamani. Na kama kompyuta ina SSD, faili lililofutwa mara nyingi linasafishwa kabisa, hata fundi akuchaji kiasi gani. Tena programu hizo zinatafuta vilivyowahi kufika kwenye diski. Ambacho hakikusevuiwa popote, hakipo cha kutafuta.

Cha kufanya ni kutulia na kufungua ileile programu uliyokuwa unaandikia. VS Code, ambayo wanafunzi wengi wanatumia, huwa inaweka pembeni nakala za mafaili ambayo hujasevu, na ukiifungua tena inaweza kukurudishia. Isiporudisha, angalia sehemu yake ya Timeline: toka 2022 inatunza matoleo ya nyuma ya faili, kila ulipolisevu. Wanaotumia Vim wana faili la .swp linalobaki baada ya kompyuta kuzima ghafla. Na kama ulishaandika git add, hata kama hukumalizia, amri ya git fsck --lost-found inaweza kukufufulia kipande hicho.

Huyu dada Timeline ilimpa kazi ya mpaka saa 12 jioni. Masaa 4 ya usiku ule yalikwenda na maji. Lakini alikuwa ameshakata tamaa ya semista nzima, na kumbe ilikuwepo palepale.

Na msione ni mambo ya kishamba. Mwaka 1998, Pixar, kampuni ya katuni ya Marekani, mtu alipiga amri ya kufuta na sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 ikayeyuka. Kwenda kwenye bakapu, nazo zilikuwa hazifanyi kazi. Kilichookoa ni nakala iliyokuwa kwenye kompyuta ya mama mmoja wa timu hiyo, aliyekuwa anafanyia kazi nyumbani kwa sababu ana mtoto mchanga. Filamu ikatoka 1999. Kampuni yenye hela zote zile iliokolewa na nakala iliyokuwa sehemu nyingine.

Sasa turudi kwa mhadhiri. Vyuo vingi vinadai kitu kimoja tu: kazi iliyokamilika, siku ya mwisho. Katikati hapo hakuna anayeangalia. Ndiyo maana mwongo na mkweli wanafanana. Pendekezo langu ni jepesi: projekti yoyote ya programu iandikwe na Git toka wiki ya kwanza, na historia yake ipewe maksi. Git ni kama daftari, kila ukimaliza kipande unaandika “hapa nimefika”. Haihitaji bando kufanya hivyo. Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini zilipokatika na mtandao ukasuasua nchi nzima, Git kwenye kompyuta ya mtu iliendelea kupiga kazi kama kawaida. Mtandao ukirudi unaituma GitHub, na kwa sababu ni maandishi tu, haili MB nyingi. Huna bando kabisa? Nakili kwenye flashi, mpe rumeti akutunzie.

Siku umeme ukikatika, mhadhiri anafungua daftari. Mwenye wiki 10 za hatua ndogondogo anaongezewa siku 2. Mwenye ukurasa mtupu tunamjua. Mtaniambia tarehe zinaweza kuchezewa. Sawa, zinaweza, ila kuigiza wiki 10 za makosa na marekebisho ni kazi kuliko kuandika programu yenyewe.

Na sisi wa magrupuni, badala ya kutupia emoji za kicheko, tumwoneshe mwenzetu kitufe cha Auto Save. Kipo kwenye menyu ya File, unakibonyeza mara moja tu. Kwenye VS Code ya kompyuta kinakuja kikiwa kimezimwa, na wengi hawajui hata kama kipo.

Wewe ungekuwa mhadhiri, ungempa siku 2 au ungemkazia? Tupia maoni yako hapo chini, ila jina la mtu usitaje.