"Mama Yake Alikuwa Wapi?" Swali Lisilotosha Katika Ulinzi wa Watoto Wadogo

Katika misiba ya watoto wadogo kuna swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, wakati mwingine hata kabla jeneza halijafikishwa kanisani: mama yake alikuwa wapi? Huulizwa mtoto anapoungua kwa uji uliokuwa jikoni, anapokutwa ametumbukia katika ndoo ya maji uani, au familia inapokutwa asubuhi haijaamka kwa sababu ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani kufukuza baridi. Siku hizi swali hilo limehamia pia katika simu zetu, ambako watu wasiomjua marehemu wala wafiwa hutoa hukumu kwa maneno machache na kuendelea na shughuli zao.

Tunaliandikia jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, kila mwaka kati ya Juni na Agosti baridi ya nyanda za juu huwasukuma watu wengi kulala karibu na moto, na watoto wachanga ndio walio dhaifu kuliko wote mbele ya hatari hiyo. Pili, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa na Serikali Desemba 2021, ilipangiwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Ni wakati wa kujiuliza, kama taifa na kama familia ya Mungu, yale yaliyoandikwa humo yamefika wapi katika nyumba za waamini wetu.

Hatari zilizomo nyumbani mwetu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa majeraha ya moto husababisha vifo vipatavyo 180,000 kila mwaka, vingi vikitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Taarifa ya shirika hilo ya mwaka 2024 kuhusu kufa maji inataja vifo 300,000 kwa mwaka 2021, na karibu robo yake ni vya watoto walio chini ya miaka mitano. Takwimu hizi ni za dunia nzima, lakini sura yake ni ya nyumba tunazozijua.

Jiko linakaa chini, sakafuni, kwa kimo kilekile cha mtoto anayetambaa. Sufuria ya chai inaepuliwa na kuwekwa pembeni, na mkono mdogo unaivuta. Maji yamekingwa tangu alfajiri katika ndoo na beseni kwa sababu bomba halitoi kila siku. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja ni kizito kulingana na mwili wake, hivyo akiinama ndani ya ndoo na kuanguka hana nguvu ya kujinasua. Kina cha maji ya sentimita chache kinatosha, na kwa kawaida hapigi kelele. Mafuta ya taa yamewekwa katika chupa ya soda, na mtoto anaijua chupa hiyo kwa utamu wake. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humfikia mtu usingizini bila kumwamsha.

Hakuna hata moja kati ya hatari hizi inayohitaji mzazi mwovu ili itokee. Zinahitaji dakika chache tu ambazo mtu mzima amegeukia kazi nyingine. Ndiyo maana tunasema swali la misibani halitoshi. Linamtafuta mkosaji mmoja, na likishampata, wengine wote tunarudi nyumbani tukiwa na dhamiri tulivu.

Saa nne asubuhi mtoto yuko na nani?

Tuchukue mfano wa mama muuza mboga, kama walivyo akina mama wengi wa mijini na katika vituo vidogo vya biashara. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi mzigo sokoni. Mtoto wake mkubwa yuko darasa la tano, wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu. Siku nyingine humbeba mgongoni, na mtoto hushinda juani pembeni ya genge, karibu na barabara ya bodaboda. Siku nyingine humwacha kwa jirani ambaye naye anafua, anapika na kuuza vitumbua. Wakati wa likizo humwachia yule wa darasa la tano. Kipato kikiruhusu, huleta binti kutoka kijijini awe msaidizi wa kazi za ndani, na mara nyingine binti huyo naye bado ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kuajiriwa, lakini sote tunajua nyumba ambazo hazijauliza umri.

Sheria ya ajira inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha anaporudi kazini. Hayo ni mema na tunayashukuru. Lakini wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, na siku 84 hazifiki hata miezi mitatu. Muuza mboga, mama lishe na kibarua wa shambani hawana hata hizo 84. Wao hurudi kazini siku ambayo unga umekwisha ndani ya nyumba.

Kwa upande mwingine, darasa la awali humpokea mtoto akiwa na takriban miaka mitano. Kati ya mwisho wa likizo ya uzazi, kama ipo, na mwanzo wa darasa la awali, kuna zaidi ya miaka minne ambayo familia nyingi hazina mahali salama na pa bei nafuu pa kumwacha mtoto. Miaka hiyo ndiyo ambayo mtoto anatambaa, anasimama, anakimbia na kutia kila kitu mdomoni.

Programu ya taifa tuliyoitaja haikusahau jambo hili. Imejengwa juu ya nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Katika nguzo ya afya, familia zetu zimezoea kliniki, chanjo, kadi ya mtoto na chandarua, na zinajua pa kwenda. Nguzo ya tano ndiyo isiyo na anwani. Mama akiuliza leo, "Nimpeleke wapi mwanangu saa nne asubuhi nikiwa sokoni?", katika mitaa mingi na karibu vijiji vyote jibu ni ukimya. Tunaomba awamu itakayofuata ya mipango ya Serikali ipimwe kwa swali hilo.

Msafara ambao kila mtu alidhani mwingine anaye

Injili ya Luka, katika sura ya pili, inatupatia mwanga ambao pengine hatujautazama kwa upande huu. Familia Takatifu yenyewe ilipoteza mtoto. Maria na Yosefu walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu yumo katika msafara, miongoni mwa ndugu na jamaa, na wakamwona baada ya siku tatu za uchungu. Ni kweli kwamba alikuwa na miaka 12, si mchanga. Lakini namna alivyokosekana inatufundisha. Hakukosekana kwa sababu watu walikuwa wachache, bali katikati ya watu wengi waliompenda, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake anaye.

Ndivyo ilivyo katika nyua zetu. Ua lenye wapangaji sita lina watu wazima kumi, na bado mtoto anaweza kuifikia ndoo bila kuonwa na yeyote. Baba anadhani yuko na bibi, bibi anadhani yuko na dada yake, dada anadhani mama amemchukua. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, nasi tunapenda kuirudia methali hiyo. Lakini mikono mingi isiyogawana zamu nayo inaweza kumwangusha.

Tuone pia lile ambalo Injili haikulisema. Hakuna mwanajamaa katika msafara ule anayetajwa akimshutumu Maria. Wazazi walirudi na kutafuta. Jumuiya ya Kikristo inayokutana na mama aliyefiwa ina mahali pa kujifunzia.

Lililowezekana kwingine, na linalowezekana kwetu

Huko Bangladesh, nchi ya mito na mabwawa, ilibainika kwamba watoto wengi wadogo walikuwa wakifa maji karibu kabisa na nyumbani, hasa asubuhi wakati watu wazima wameshikwa na kazi. Katika vijiji vingi yalianzishwa makao madogo ya malezi, ambapo mwanamke wa kijijini aliyefundishwa, akiwa na msaidizi, huwalinda watoto kwa saa chache za asubuhi. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza njia hiyo, yaani kuwapa watoto wa umri huo mahali salama mbali na maji chini ya mlezi mwenye uwezo. Hazikuhitajika mashine wala majengo makubwa. Ilihitajika kuzitambua saa za hatari na kumweka mtu mahususi katika saa hizo.

Parokia zetu zina kumbi ambazo kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hufungwa kwa kufuli. Zina masista wenye uzoefu wa miaka mingi wa chekechea. Zina WAWATA na UWAKA, na zaidi ya yote zina Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinazokutana kila juma nyumba kwa nyumba. Jumuiya inaweza kuanza na jambo dogo: kuorodhesha watoto wake walio chini ya miaka mitano na kuuliza, bila kumwaibisha yeyote, kila mmoja yuko na nani asubuhi. Orodha hiyo peke yake itaibua mengi.

Hatusemi kwamba ni rahisi. Mlezi wa watoto anastahili ujira. Tusijenge huduma ya huruma juu ya jasho la bure la wanawake walewale waliochoka. Na mahali wanapokusanyika watoto panaweza kumvutia pia mtu mwenye nia mbaya. Kwa hiyo kituo chochote kianze kwa kumwona Afisa Ustawi wa Jamii na kusajiliwa, kifuate miongozo ya Kanisa ya ulinzi wa mtoto, na kisimwache mtu mzima mmoja peke yake na watoto nyuma ya mlango uliofungwa.

Wapo watakaosema kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza, na Kanisa lenyewe limefundisha hivyo. Ni kweli. Lakini kanuni ya auni haimaanishi kumwachia mdogo mzigo wote. Inamtaka mkubwa amsaidie mdogo atimize wajibu wake bila kumnyang'anya. Katika Wosia wa Kitume *Amoris Laetitia* wa mwaka 2016, Baba Mtakatifu Fransisko aliikumbusha familia pana kuwapa upendo na tegemeo akina mama wanaolea peke yao. Kulinda mtoto kwa saa nne ili mama apate riziki ni tafsiri halali ya fundisho hilo.

Yasiyohitaji kungoja mkutano

Mengine yanaweza kufanyika jioni ya leo. Jiko lipandishwe juu ya meza imara au lizungushiwe kizuizi. Mkaa unaowaka usilale ndani na watu, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo, na mtoto apatiwe joto kwa nguo na blanketi. Ndoo na mapipa yafunikwe, na maji ya kufulia yamwagwe mara kazi inapokwisha. Mafuta ya taa na sumu visiwekwe katika chupa za vinywaji. Mtoto akinywa mafuta ya taa asilazimishwe kutapika, awahishwe kituo cha afya. Akiungua, jeraha lipoozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na lisipakwe dawa ya meno, mafuta wala yai. Mtoto mchanga alazwe chali. Karanga nzima, sarafu na shanga viwe mbali na mdomo wa mtoto mdogo.

Akina baba, orodha hii haikuandikwa kwa ajili ya wake zenu peke yao. Kizuizi cha jiko na mfuniko wa kisima ni kazi za mikono yenu, na kumshika mtoto wakati mama anaepua sufuria hakumpunguzii mwanaume heshima yake.

Katika ibada ya Ubatizo wa watoto, padre huwauliza wasimamizi kama wako tayari kuwasaidia wazazi katika wajibu wao, nao hujibu mbele ya waamini wote kwamba wako tayari. Wengi wetu tumewahi kulitoa jibu hilo, tukapiga picha, tukala pilau, na hatujawahi kurudi kuuliza mtoto anashinda wapi. Juma hili turudi. Tubishe hodi kwa mtoto wetu wa ubatizo na kumuuliza mama yake saa zipi za siku ni ngumu kwake, kisha tuchukue mojawapo.