Istilahi Yatima: Nani Atakayelea Kiswahili cha Tarakilishi?

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa muda mrefu sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeutazama mzigo wa wataalamu wa tarakilishi kwa jicho hilo. Tumewabunia maneno, tukawakabidhi, kisha tukarejea kwenye riwaya na mashairi yetu tukiamini kuwa kazi imekwisha. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba kubuni istilahi ni sehemu ndogo tu ya kazi. Sehemu kubwa ni kuifungasha istilahi pamoja na maelezo yake, kuifikisha kwa mtumiaji na kuilea baada ya kufika. Sehemu hiyo ndiyo tuliyoitelekeza.

Nililitambua jambo hili nikiwa likizoni Salgaa. Mji huu ulio kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret ni kituo mashuhuri cha malori yanayotoka Mombasa kwenda Malaba na nchi jirani. Madereva hulala hapo, hula hapo, na wanapohitaji kutoa nakala ya stakabadhi zao za mizigo, baadhi yao huingia katika kibanda cha binamu yangu. Ana tarakilishi mbili kuukuu zinazoendeshwa na Ubuntu, mfumo ambao hutolewa bila malipo na ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Mojawapo ilikuwa ikizubaa kila wateja wanapopanga foleni. Rafiki yake alimshauri aweke chombo cha kupima utendaji wa programu. Aliweka, akakiendesha, akapata jedwali la asilimia. Hata hivyo, mahali palipostahili kuwa na majina ya shughuli zinazokula muda palikuwa na mfululizo wa tarakimu na herufi zisizosomeka.

Akanigeukia. "Kaka, wewe ndiwe msomi wa Kiswahili. Chombo hiki kinaitwaje, na kinaniambia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na istilahi chungu nzima nilizozikariri darasani, lakini hata moja haikunisaidia kumweleza kijana wa Kidato cha Nne kilichokuwa mbele ya macho yake. Fedheha hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute maarifa ambayo sikuwa nayo.

Nilichojifunza ni hiki. Tuseme mtu anataka kujua malori hupoteza muda wapi kati ya Mombasa na Malaba. Hana haja ya kulifuata kila lori. Anaweza kuwapigia madereva simu kila baada ya saa moja na kuandika walipo. Baada ya juma moja, mahali palipotajwa mara nyingi zaidi, pawe mizani au foleni ya mpakani, ndipo muda unapopotelea. Chombo cha kupima utendaji hufanya vivyo hivyo. Hukatiza kazi ya prosesa mara nyingi kwa sekunde, pengine mara 99, na kila mara huandika ni kipande kipi cha programu kilichokuwa kikitekelezwa. Chombo cha namna hiyo kinachotengenezwa pamoja na Linux huitwa perf, na kilianza kuwa sehemu ya Linux mwaka wa 2009.

Chombo hicho hakimfikii mtumiaji kikiwa kitupu. Kuna mtu anayekifungasha. Katika Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka wa 1993 na ambao ndio msingi wa Ubuntu, kila kifurushi huandamana na jina lake, toleo lake, orodha ya vitu kinavyovitegemea, maelezo ya kazi yake, masharti ya leseni, historia ya mabadiliko na jina la mlezi wake. Wengi wa walezi hawa ni watu wa kujitolea. Mlezi wa perf ana kibarua kigumu zaidi kwa sababu chombo hicho hukua pamoja na kiini cha Linux. Kiini kikipata toleo jipya, kifurushi nacho hakina budi kufuata. Katika matoleo kadhaa ya Ubuntu, mtumiaji aliyebadilisha kiini na kusahau chombo hukumbushwa papo hapo kwamba hakuna perf ya kiini hicho.

Aidha, kuna suala la majina, na hapa ndipo penye funzo kwetu. Programu inapofungashwa, majina ya vipande vyake vya ndani aghalabu huondolewa ili mzigo uwe mwepesi, kisha huwekwa katika kifurushi cha pembeni. Asiyekuwa na kifurushi hicho hupata asilimia zisizo na majina. Hilo ndilo lililomsibu binamu yangu. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa; alikosa majina tu. Alipoyapata, aligundua kwamba muda wote ulikuwa ukiliwa na programu ya kupunguza ukubwa wa picha za vitambulisho.

Naona kwamba elimu yetu ya kiteknolojia imefungashwa kwa namna hiyo hiyo. Tunampa kijana chombo, tunampa umeme na mtandao, lakini majina tumeyaacha pembeni katika lugha ambayo anaifahamu nusunusu. Tunajiambia kwamba tumepunguza gharama. Wapo madereva walioshuka mteremko wa Sachangwan kuja Salgaa wakiwa wametoa gia ili kuokoa mafuta, na wakazi wa eneo hili wanajua gharama ya akiba hiyo. Kuna vitu ambavyo havifai kuondolewa kwa kisingizio cha kupunguza matumizi.

Katika Debian, kifurushi kilichokosa mlezi huitwa yatima. Huorodheshwa hadharani ili atakaye akichukue akilee. Nami najiuliza, istilahi zetu ngapi ni yatima? Kwa kifaa kimoja tuna tarakilishi, ngamizi na kompyuta. Shuleni Kenya hufundishwa neno la kwanza, la pili hutajwa katika mijadala kama hii, na la tatu ndilo lisemwalo Salgaa na kwingineko. Sina ugomvi na wingi wa maneno. Ninalolilalamikia ni kwamba hakuna anayejulikana kuwa mlezi wa lolote kati ya hayo, anayefuatilia nani hulitumia, limebadilika vipi na limeshindwa wapi. Sisi huchapisha orodha kisha tukaiacha rafuni.

Mfano wa heshima tunao. Katika mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, na mwaka wa 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kazi za ofisi zilizozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza. Lakini OpenOffice yenyewe haikusimama. Mwaka wa 2010 ilichipuza LibreOffice, na mwaka wa 2011 ikakabidhiwa wakfu wa Apache. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, na tafsiri isiyo na mlezi wa kudumu huachwa nyuma mithili ya perf iliyofungwa kwa kiini cha zamani. Mradi una mwisho; kifurushi hakina.

Yamkini msomaji atasema kwamba waandishi wa programu wote hujua Kiingereza, kwa hiyo haya ni mapambo. Hoja hii ina ukweli kiasi. Sipendekezi tutafsiri amri: perf itabaki perf, kama vile breki na gia zilivyobaki breki na gia kwenye lori. Hata hivyo, mtumiaji si mwandishi wa programu. Maelezo ya kifurushi, mwongozo wake na onyo linalotokea kinaposhindwa kufanya kazi vinaelekezwa kwa mtu kama binamu yangu. Huyo asipoelewa, atakiondoa chombo na kubaki akibahatisha.

Wengine watadai kwamba tukijaribu tutazua maneno ya ajabu yasiyosemwa na mtu. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kuyapeleka maneno kwa watu kabla ya kuyachapisha. Nilijaribu. Niliandika maelezo mafupi ya perf kwa Kiswahili nikamsomea binamu yangu. Neno "kichakataji" alilikataa pale pale akaniambia niseme prosesa. Dereva mmoja aliyekuwa akisubiri nakala zake alisikiliza, akasema kwamba basi kazi yenyewe ni kujua gari linakula mafuta wapi. Nilifuta sentensi yangu ndefu kuhusu "uchanganuzi wa matumizi ya rasilimali" nikaandika: "Huonyesha ni sehemu gani ya programu inayokula muda wa prosesa." Sentensi hiyo ni yao kuliko ilivyo yangu, na ni bora.

Napendekeza basi mambo matatu. Kwanza, kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili chuoni kijitwalie vifurushi vichache, hata vitano, na kutafsiri maelezo yake kwa ushirikiano na wenzetu wa idara za sayansi ya tarakilishi. Debian ina utaratibu wa kupokea tafsiri za aina hii, na mlango uko wazi. Pili, kila istilahi tunayoipendekeza iandikwe pamoja na mambo yale yale yanayoandamana na kifurushi: maana yake, tarehe yake, maneno inayoyategemea, mabadiliko yake na jina la mlezi. Mlezi akihitimu, amkabidhi mwingine kwa maandishi. Tatu, wahadhiri wetu waitambue kazi hii kuwa utafiti. Mwanafunzi anayekusanya maneno ya wapakiaji, madereva na mafundi wa Salgaa na kuyapima kwa watumiaji hafanyi kazi duni kuliko anayehakiki riwaya. Nasema haya nikiwa mwanafunzi wa fasihi.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo inatupa haki ya kudai, lakini haiwezi kutuandikia maelezo ya kifurushi hata kimoja. Mimi nimeanza na hicho cha kupima utendaji, na jina langu nimeliandika katika nafasi ya mlezi. Nafasi za vifurushi vingine zingali tupu.