WIZI WA KWENYE GEMU NI WIZI

Mfanyakazi akiibiwa baiskeli yake, majirani humpa pole na polisi humwandikia maelezo. Lakini kijana akiibiwa mali aliyoikusanya katika gemu ya kompyuta, watu humcheka. Baba humwuliza kwa nini anapoteza wakati wake na michezo. Rafiki zake humwita mshamba. Naye mwizi huenda zake kwa raha, akatafuta mwingine wa kumwibia.

Sisi twasema kwamba kicheko hicho hakifai. Wizi wa kwenye gemu ni wizi. Na wizi huu wa siku hizi, ambao mwizi hujivika jina na sura ya mtu mwingine, wapasa kujulikana na kila mzazi na kila mfanyakazi kijana, kwa maana hila zake ndizo zile zile zinazotumika kuwaibia watu wetu fedha katika simu.

Kwa wasomaji wasioyafahamu mambo haya, yafaa tueleze kwanza mali hiyo ni kitu gani. Mwaka 2003 kampuni ya Valve ya Marekani ilianzisha duka la gemu la kwenye intaneti liitwalo Steam. Duka hilo limekua hata mwezi Machi 2025 watu zaidi ya milioni 40 walikuwa ndani yake kwa wakati mmoja. Moja ya gemu zake mashuhuri ni Counter-Strike, ambayo tangu Agosti 2013 huwapa wachezaji mapambo ya bunduki na visu. Mapambo hayo ni rangi na michoro tu. Hayaongezi nguvu ya silaha hata chembe. Walakini wachezaji huyapenda, huyanunua, huyauza na kubadilishana. Liko pambo la senti chache, na liko pambo la maelfu ya dola.

Pambo hilo likiuzwa katika soko la Steam lenyewe, duka hutoza asilimia 5, na gemu ya Counter-Strike hutoza asilimia 10 nyingine. Basi mtu asituambie kwamba hicho ni kitu cha ndoto. Kitu kinachonunuliwa kwa mshahara wa mtu, na kutozwa asilimia 15 kila kinapouzwa sokoni, ni mali.

Wala si sisi wa kwanza kusema hivyo. Mwaka 2007 huko Uholanzi vijana wawili walimkamata mvulana wa miaka 13, wakampiga na kumtishia kwa kisu mpaka akaingia katika gemu ya RuneScape na kuwaachia hirizi na barakoa alizokuwa nazo humo. Utetezi ulidai kwamba vitu hivyo havishikiki kwa mkono, kwa hiyo haviwezi kuibwa. Tarehe 31 Januari 2012 Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikataa hoja hiyo. Ilisema kwamba mvulana yule alitumia wakati na juhudi zake kuvipata, na kwamba alikuwa na mamlaka juu yake mpaka aliponyang'anywa. Mmoja wa wakosaji alihukumiwa kufanya kazi za jamii kwa saa 144. Sisi twaona hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Jasho la mtu ni jasho, hata kama lilimtoka akiwa ameketi mbele ya kioo cha kompyuta.

Wale wa Uholanzi walitumia kisu. Wezi wa leo hawana haja ya kisu, maana wamegundua kwamba jina la rafiki na nembo ya ofisi hukata vizuri zaidi.

Tazameni wanavyofanya. Kijana apokea ujumbe kutoka kwa rafiki yake wa siku nyingi. Rafiki anaomba radhi sana. Asema kwamba alikuwa akimshitaki tapeli mmoja kwa wenye duka, na kwa bahati mbaya akaitaja akaunti ya kijana huyu badala ya ile ya tapeli. Sasa ameambiwa kwamba akaunti itafungwa kabisa, isipokuwa kijana azungumze upesi na ofisa wa kampuni. Rafiki huyo mwema ampa jina la ofisa, na njia ya kumpata ndani ya Discord.

Lakini huyo si rafiki. Rafiki wa kweli aliibiwa akaunti yake jana au juzi kwa hila hii hii, na mwizi sasa anasema kwa kinywa chake.

Kijana amwendea ofisa. Amkuta ana nembo ya kampuni, ana picha ya kitambulisho cha kazi, ana hati iliyoandikwa jina la akaunti inayoshitakiwa. Vyote vimetengenezwa. Ofisa hana matusi wala papara. Asema kwa adabu, kama karani aliyezoea kazi yake. Amwambia kijana kwamba anamwamini, ila utaratibu ni utaratibu. Ili kuthibitisha kwamba mali yake ni halali, aihamishie kwa muda kwenye akaunti ya ukaguzi. Au abadilishe anwani ya barua pepe ya akaunti, aweke ile atakayopewa. Au anunue kadi za zawadi, kisha asome namba zake ili ukaguzi ukamilike. Ukaguzi ukiisha, kila kitu kitarudishwa. Na afanye haraka, maana zimebaki dakika chache tu. Kijana hutii. Hakuna kinachorudi.

Watu wengi husema kwamba anayetapeliwa ametapeliwa na tamaa yake mwenyewe. Maneno hayo huenda ni kweli kwa yule aliyeahidiwa kupanda shilingi akavuna elfu. Katika hila hii si kweli hata kidogo. Kijana huyu hakuahidiwa faida yoyote. Aliambiwa kwamba ameshitakiwa, naye akataka kujisafisha. Mkosaji sugu angecheka akaenda zake. Anayenaswa ni yule anayeheshimu sheria, anayeogopa kuitwa mwizi, na aliyefundishwa nyumbani kwamba mkubwa akiuliza hujibiwa. Huu ndio ubaya mkubwa wa uayari huu, kwamba huchukua tabia njema ya mtu na kuifanya mtego wa kumnasia.

Iko hila ya pili, na hiyo ni ya siri zaidi. Kijana aombwa aipigie kura timu ya rafiki yake. Afungua ukurasa, na dirisha linalofanana kabisa na lile la Steam lamtaka aingize jina na neno lake la siri. Aingizapo, wezi hupata njia ya kuitazama akaunti kwa programu inayofanya kazi bila kulala. Hawachukui kitu siku hiyo. Hungoja mpaka kijana apatane na mnunuzi wa kweli. Hapo programu huyafuta mapatano yale, na dakika ile ile huleta mengine kutoka kwa roboti yenye jina lile lile na picha ile ile ya mnunuzi. Kijana huona sura anayoijua, akathibitisha kwa simu yake mwenyewe. Kufuli halikuvunjwa. Mwenye nyumba alilifungua kwa mkono wake, akidhani anamfungulia mgeni wake.

Asiwepo mtu wa kudhani kwamba haya ni mambo ya watoto wachache watukutu. Mwezi Desemba 2015 kampuni ya Valve yenyewe ilitangaza kwamba akaunti zipatazo 77,000 zilikuwa zikitekwa na kuporwa kila mwezi, na kwamba tangu wachezaji waruhusiwe kubadilishana mali, tatizo hilo lilikuwa limeongezeka mara 20. Ilisema wazi kwamba waporaji walikuwa mtandao uliojipanga. Mwezi Oktoba 2019 kampuni hiyo ilizuia funguo mpya za kufungulia masanduku ya Counter-Strike zisiuzwe tena kati ya mchezaji na mchezaji, kwa kuwa karibu funguo zote zilizokuwa zikiuzwa hivyo ziliaminika kutokana na fedha za udanganyifu. Mahali penye fedha, wezi hufanya kazi kwa zamu kama kiwanda.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya wenye soko. Zamani mtu akiibiwa, kampuni iliweza kumtengenezea pambo jingine mfano wa lile lililopotea. Lakini hivyo mapambo yakawa mawili badala ya moja, bei ikashuka, na mwizi akabaki na lake. Basi desturi hiyo ikaachwa. Baadaye uliwekwa ulinzi wa kuthibitisha kwa simu, na wasio nao mali zao zikawekwa kizuizini siku kadhaa kabla ya kwenda kwa mwingine. Mwezi Julai 2025 ndipo mchezaji wa Counter-Strike alipopewa njia ya kuyarudisha nyuma mabadilishano yake ndani ya siku 7.

Hatua hiyo twaisifu. Lakini twauliza kwa nini ilichukua karibu miaka 12 tangu mapambo yalipoanza kuuzwa. Mwenye soko anayetoza ushuru siku ya kwanza hupaswa kuweka mlinzi siku ya kwanza. Na hata sasa, siku 7 humfaa yule tu anayegundua mapema. Kadi ya zawadi iliyokwisha kusomwa namba zake haina siku 7. Haina hata dakika 7.

Wasomaji wetu watauliza haya yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu kwa njia mbili. Vijana wetu wanacheza gemu hizi, katika simu zao na katika vibanda vya mitaani, na baadhi yao hununua vitu vya gemu kwa fedha za wazazi. Tena hila yenyewe twaijua. Mama apigiwaye simu na mtu anayejiita huduma kwa wateja, akaambiwa kwamba akaunti yake itafungwa asipotaja namba ya siri, ameletewa ofisa yule yule wa Discord. Mzee apokeaye ujumbe wa kumtaka ile pesa aitume kwenye namba hii, ameletewa rafiki yule yule wa uongo. Kijana akifundishwa kuikataa hila hii katika gemu, ataikataa pia siku itakapokuja kutafuta mshahara wake. Na aliyedanganywa katika simu asimcheke aliyedanganywa katika gemu, maana wameumwa na nyoka mmoja.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018. Zote mbili zinakataza mtu kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta. Twawaomba polisi wasimrudishe nyumbani kijana anayekuja kushitaki kwa sababu tu kilichoibwa ni upanga wa kwenye gemu. Wamwulize aliununua kwa kiasi gani, nani alizungumza naye, na mazungumzo yako wapi. Hayo ndiyo maswali ambayo wangemwuliza mwenye baiskeli.

Kwa wazazi tuna ombi maalumu. Mwizi hutegemea fimbo yenu. Hutumaini kwamba mtoto aliyepoteza kitu ataogopa kusema nyumbani, na kwamba kwa woga huo ataendelea kutii, atanunua kadi ya pili na ya tatu, akijaribu kurudisha ya kwanza kabla baba hajajua. Mtoto anayejua kwamba atasikilizwa huja kusema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Kwa hiyo sikilizeni kwanza. Maonyo yatapata nafasi yake baadaye.

Na kwa vijana twasema haya, wayashike kama wanavyoshika sheria za mchezo wenyewe.

Kwanza, wafanyakazi wa Steam hawamwiti mteja kwa maongezi wala kwa Discord, na hawaulizi neno la siri. Aliye na neno na akaunti yako atalisema katika ukurasa wa msaada wa kampuni, ambao utaufungua wewe mwenyewe bila kupitia njia uliyotumiwa.

Pili, rafiki akileta habari ya kutisha, mpigie simu usikie sauti yake, au mtafute kwa njia nyingine mnayoijua ninyi wawili. Akiwa ni rafiki wa kweli hatakasirika.

Tatu, kabla ya kuthibitisha mabadilishano, usitazame jina na picha tu, kwa kuwa hivyo hunakiliwa kwa dakika moja. Tazama siku ambayo akaunti ile ilifunguliwa. Mnunuzi wako wa miaka mitano hawezi kuwa amezaliwa juzi.

Nne, ukikuta umekwisha kuingiza neno lako la siri mahali pasipofaa, libadilishe mara moja, toa vifaa vyote vilivyoingia katika akaunti, futa ufunguo wowote wa programu usioujua, kisha waarifu rafiki zako kwamba anayesema kwa jina lako si wewe. Kufanya hivyo ni kuwakinga wao, maana mwizi atawafikia kwa kupitia kwako.

Tano, usifanye haraka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na hapa haraka yenyewe ndiyo dalili ya wizi. Ofisi ambayo haikupi hata muda wa kumwuliza kaka yako ushauri si ofisi.

Mwisho, wote tuyakumbuke haya, sisi tunaocheza na sisi tusiocheza. Mshitakiwa hutakiwa kujibu maswali, na mshitaki hutakiwa kuleta ushahidi. Hakuna mahakama, wala kampuni, wala benki, ambayo mtu husafishwa jina lake kwa kukabidhi mali yake kwa mgeni. Anayekutaka ufanye hivyo, hata akiwa na nembo, na kitambulisho, na lugha ya adabu, huyo ndiye mwizi.